Maswali ya Wasomaji: Mbalamwezi Tatu Kati ya Sindano na Sindano

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watoa huduma wa kandokando ya ziwa: zahanati ya kisiwani Ukerewe, vituo vya Sengerema na Magu, duka la dawa la Igoma. Tumezifupisha. Tunapotaja "daraja" tunazungumzia vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya kuchagua njia ya uzazi wa mpango. La 1, mpe bila wasiwasi. La 2, mpe, faida inazidi hatari. La 3, usimpe isipokuwa njia nyingine hazipatikani au hazimfai na yupo mtaalamu wa kumfuatilia kwa karibu. La 4, usimpe. Kituo kisicho na mtu wa kupima mizani hiyo kisome hivi: la 1 na la 2 ni ndiyo, la 3 na la 4 ni hapana.

Wateja wangu wengi ni akina mama wanaoanika dagaa. Kambi ikihama, tarehe ya Depo, sindano ya uzazi wa mpango, inapita. Anarudi amechelewa wiki tatu, tano, hata nane. Mwenzangu humrudisha kila aliyechelewa, hata kwa siku mbili, mpaka aone siku zake. Mimi huwachoma. Nani yuko sahihi?
*Muuguzi, Ukerewe*

Kwa huyo wa siku mbili, wewe. Anayeambiwa akangoje siku zake, ilhali Depo yenyewe ndiyo iliyozikatisha, atangoja sana, na atangoja bila kinga.

Sindano ya miligramu 150 hutolewa kila baada ya wiki 13, lakini dawa haikatiki siku hiyo kama umeme wa luku. Aliyechelewa hadi wiki 4, yaani mpaka wiki ya 17 tangu sindano iliyopita, mchome siku hiyo hiyo. Hapimwi mimba wala hahitaji kondomu. Aliyewahi naye anaruhusiwa hadi wiki 2 kabla ya tarehe, kuanzia wiki ya 11. Soma lebo ya chupa kwanza, lakini: kama ni ile sindano ya kila wiki 8, Noristerat, nafasi ya kuchelewa ni wiki 2 tu. Na nafasi hizi zibaki kwako mezani. Kwenye kadi andika wiki ya 13.

Akipita wiki ya 17 ndipo maswali yanaanza. Ana mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya maziwa yake tu, au karibu hayo tu, na hajaona hedhi? Mimba ilimtoka ndani ya siku 7? Hedhi imeanza ndani ya siku 7? Hajakutana na mwanamume tangu hiyo wiki ya 17? Amekuwa akitumia kondomu au njia nyingine ya kuaminika, kila mara na inavyopasa? "Ndiyo" moja inatosha, mradi hana dalili za mimba. Mchome, naye atumie kondomu siku 7. Aliye ndani ya siku 7 za hedhi hana haja nazo.

Majibu yote yakiwa hapana, pima mkojo. Kipimo kikisoma hasi usidhani umemaliza, maana aliyekutana na mume juzi hakitamwona. Mchome hata hivyo, kondomu siku 7, arudi baada ya wiki 3 au 4 apimwe tena. Depo haijaonekana kudhuru mimba iliyokwisha kuingia. Kama tendo lilikuwa ndani ya siku 5 zilizopita, mpe na kidonge cha dharura cha levonojestreli pale pale.

Kuhusu kambi kuhama, kuna hesabu moja ambayo ziwa limekurahisishia. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, na akina mama nao hupata siku za kwenda mjini. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu; mitatu ni siku 88 au 89. Wiki 13 ni siku 91. Kwa hiyo uliyemchoma wakati wa mbalamwezi mwambie arudi mbalamwezi ya tatu: atakuwa amewahi siku mbili tatu, na hizo zimo ndani ya ruhusa. Uliyemchoma wakati wa giza mhamishe mara moja tu: kati ya wiki ya 11 na ya 17 mna siku 42, hivyo mbalamwezi moja lazima iangukie humo. Zikiangukia mbili, chukua ya mwanzo. Andika tarehe kwenye kadi kama kawaida, kisha mtajie mwezi kwa mdomo. Kadi nyingi hulowa kabla ya tarehe kufika.

Wa kambi za mbali zaidi wafikirie sindano ya chini ya ngozi, Sayana Press, yenye miligramu 104 ndani ya mililita 0.65. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwanamke afundishwe kujichoma mwenyewe. Pale utaratibu wa kituo chako unaporuhusu, mama anaondoka na dozi mkobani. Mfundishe kwa vitendo, kwa sababu makosa hujirudia. Asipoitikisa kwa nguvu sekunde 30, dawa inabaki imeng'ang'ania ndani ya kifuko na anajichoma majimaji. Asipousukuma mfuniko mpaka mwanya ulio kati yake na shingo ya kifuko ufungike, sindano haijatoboa kifuko na hakuna kitakachotoka. Sindano ielekee chini, la sivyo hewa inatangulia. Abane ngozi ya mbele ya paja, au ya tumbo mbali na kitovu, aminye kifuko polepole sekunde 5 hadi 7, achomoe, asisugue. Iliyotumika iingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, iletwe kituoni siku ya kuchukua nyingine.

Kutosugua kunawahusu na nyinyi mnaochoma bega au tako. Dawa inatakiwa ikae mahali pake miezi mitatu, na mkono unaosugua unaiharakisha kuondoka. Chupa ya mililita 1 nayo itikisike kabla ya kuvuta. Dawa hulala chini.

Mteja ana vijiti viwili vya uzazi wa mpango mkononi, mwaka wa pili huu. Amekutwa na kifua kikuu, ameanza dozi ya miezi 6. Anatumia pia ARV. Nivitoe?
*Tabibu, Sengerema*

Usivitoe. Soma kwanza dawa zake zote, moja moja.

Yenye neno ni rifampisini, moja ya dawa za kifua kikuu. Inaamsha vimeng'enya vya ini, navyo huvunja homoni upesi kuliko kawaida. Ndiyo sababu vidonge vya majira, vya kichocheo kimoja na vya viwili, viko daraja la 3 kwa anayeimeza, na vijiti daraja la 2. Depo na kitanzi cha shaba viko daraja la 1. Daraja la 2 kwa vijiti lieleweke vizuri: havimdhuru, ila kinga yake inaweza kulegea. Mwache navyo, maana dozi ikiisha bado vina miaka ya kazi, na mwongezee kondomu au Depo. Nyongeza hiyo iendelee miezi 6 yote ya dozi na wiki 4 baada ya kidonge cha mwisho, kwa kuwa ini halirudi hali yake siku hiyo hiyo. Ukichagua Depo, huyu usimpe nafasi za kuchelewa tulizozitaja juu. Aje wiki ya 12. Ukichagua kitanzi, hakikisha kifua kikuu hakiko kwenye kizazi na viungo vya jirani ndani ya nyonga, kwani hapo kuweka kitanzi ni daraja la 4.

Isoniazidi peke yake, ile ya kinga, haina tatizo. Kinga ya kila wiki kwa wiki 12 ina rifapentini, ndugu yake rifampisini, na inahesabiwa vivyo hivyo. Dawa za kifafa, fenitoini, kabamazepini na fenobabitali, nazo zimo kwenye kundi hili, na anayezitumia huzitumia kwa miaka. Kumpa mwanamke huyo vidonge vya majira ni kumpa mimba kwa awamu.

Upande wa ARV, uliza jina la dawa, usitosheke na "natumia ARV". Tangu 2019 nchi ilipoanza kuhamia TLD, kidonge chenye dawa tatu ndani yake, wengi wanameza dolutegraviri, mojawapo ya hizo tatu, nayo haigusi vijiti. Anayebaki kwenye efavirenzi ndiye wa kuangaliwa: wanawake wenye vijiti wamepata mimba wakiwa juu ya dawa hiyo, mara nyingi kuliko wenzao. Na kwa kuwa mteja wako ana rifampisini, kama yuko kwenye TLD anahitaji dolutegraviri ya pili, miligramu 50, saa 12 baada ya ile ya kwanza, mpaka wiki 2 baada ya rifampisini kuisha. Hilo si la uzazi wa mpango, lakini ukiliona limesahauliwa kwenye kadi yake, lisemee.

Kidonge cha dharura kwa anayetumia rifampisini au efavirenzi ni levonojestreli miligramu 3, mara mbili ya kawaida.

Mama wa watoto wanne anataka kitanzi. Anatokwa damu kidogo baada ya tendo. Ameshatibiwa magonjwa ya zinaa mara mbili na damu inaendelea. Nimwekee?
*Mkunga, Magu*

Bado. Damu isiyojulikana chanzo ni daraja la 4 kwa kuanza kitanzi, na la 3 kwa kuanza Depo au vijiti. Siyo kwamba kitanzi kitaleta ugonjwa. Kitaleta damu yake chenyewe, na ile ya kwanza hutaitambua tena.

Muulize alikokulia na anakochota maji. Kandokando ya ziwa kichocho kinachotawala ni cha tumbo, cha konokono wa ziwani. Ukienda bara, kwenye malambo, madimbwi ya msimu na majaruba ya mpunga, unakuta cha mkojo, na hicho ndicho mayai yake hukwama kwenye mlango wa kizazi na kuta za uke. Dalili ni hizo hizo alizokueleza: damu baada ya tendo, maumivu, uchafu usiosikia dawa za zinaa. Ukiweka spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, tafuta mabaka ya rangi ya njano yenye chembechembe kama mchanga, na mishipa midogo iliyojikunja. Mkojo usio na mayai hauondoi kichocho cha ukeni. Siku hiyo hiyo mpime mimba, mpime saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, na uangalie kama usaha unatoka mlangoni.

Prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo, dozi moja, baada ya chakula: mama wa kilo 60 anameza miligramu 2,400, vidonge 4 vya miligramu 600. Mwambie mapema kwamba mabaka yanaweza kubaki baada ya minyoo kufa. Chanzo kikishajulikana na saratani ikishaondolewa, kichocho chenyewe hakizuii njia yoyote; zote daraja la 1, kitanzi kikiwemo. Wakati anasubiri, kondomu.

Kichocho cha tumbo kina swali lake. Mwenye bandama kubwa ambaye ini lake bado linafanya kazi anachagua apendacho. Aliyefikia kujaa maji tumboni au macho ya manjano, vidonge vya vichocheo viwili ni daraja la 4, Depo na vijiti la 3, na kitanzi cha shaba la 1. Kama aliwahi kutapika damu, pima wingi wa damu kabla ya kitanzi, kwa sababu shaba huongeza hedhi.

Nauza kwenye duka la dawa muhimu. Jumatatu ni P2, kidonge cha dharura, wiki nzima ni vidonge vya majira. Niulize nini kabla ya kuuza, na aliyesahau vidonge nimwambie nini?
*Msomaji, Igoma*

P2 kwanza. Kama pakiti ina vidonge viwili vya miligramu 0.75, ameze vyote kwa pamoja. Hakuna haja ya kungoja saa 12. Kinafanya kazi hadi siku 5 baada ya tendo, ila nguvu yake inapungua kadiri anavyokawia. Akitapika ndani ya saa 2, arudie. Kinachelewesha yai kutoka, hakitoi mimba, na tendo la kesho hakilihusu. Anayerudi kila Jumatatu hajifanyii sumu, ila ananunua kinga dhaifu kwa bei kubwa. Mwambie anaweza kuanza vidonge vya majira siku hiyo hiyo au kesho yake, na kondomu siku 7. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, apime.

Kabla ya pakiti ya kwanza ya majira uliza haya, kwa sauti ya chini. Ana mtoto anayenyonya wa chini ya miezi 6? Anaumwa kichwa cha upande mmoja kinachotanguliwa na vimulimuli au mstari unaomeremeta machoni? Amewahi kuvimba mguu mmoja kwa damu kuganda, au kupooza? Ana miaka 35 au zaidi na anavuta sigara? Ana saratani ya titi, ugonjwa wa ini, au anameza dawa za kifua kikuu au kifafa? "Ndiyo" yoyote, mpeleke zahanati. Kama una kipimo cha presha, kitumie: 140/90 kwenda juu, vidonge vya vichocheo viwili si vyake, na 160/100 ni daraja la 4. Kipimo kimoja cha juu baada ya kupanda kilima kisiwe hukumu; apumzike, upime tena.

Kusahau. Kidonge kimoja au viwili: ameze kimoja mara akumbukapo, aendelee na ratiba hata kama siku hiyo atameza viwili, kondomu si lazima. Vitatu au zaidi katika wiki ya kwanza au ya pili: ameze kimoja, aendelee, kondomu siku 7, na kama alikutana na mwanamume ndani ya siku 5, kidonge cha dharura. Vitatu au zaidi katika wiki ya tatu: amalize vyenye homoni, atupe vile 7 vya kahawia, aanze pakiti mpya bila kupumzika, na kondomu siku 7.

Vile vya kahawia ni madini ya chuma, kwa hiyo akivisahau hakuna hasara. Hasara ni kuchelewa kuanza pakiti inayofuata, maana siku 7 bila homoni zinakuwa 9 au 10 na yai linapata mwanya. Muuzie pakiti inayofuata kabla ya ile kuisha.

Vijiti vya mteja vimemletea damu ya wiki tano. Nimemwambia avumilie. Amerudi analia.
*Muuguzi, Nyamagana*

Kuvumilia ni ushauri wa mara ya kwanza tu. Pima mimba, uliza dawa anazotumia, angalia magonjwa ya zinaa. Kukiwa safi, ibuprofeni miligramu 800, yaani vidonge 4 vya miligramu 200, mara 3 kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5. Asipewe mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu. Isipotulia, na kama hana kizuizi, vidonge vya vichocheo viwili, kimoja kwa siku kwa siku 21. Akisema vitolewe, vitoe siku hiyo na umpe njia nyingine kabla hajaondoka.

Kijiti usichokipapasa kwa kidole usikikatie ngozi. Kiliingia kwa kina kwa sababu aliyekiweka hakuinua ngozi na ncha ya sindano alipokuwa akisukuma. Tafuta kwa utrasaundi au eksirei (cha Implanon NXT kinaonekana kwa eksirei), kisha rufaa.

Mafupi

*Mwenye selimundu achague nini?* Depo au vijiti, daraja la 1. Depo imeonekana kupunguza vipindi vya maumivu. Kitanzi na vidonge vya vichocheo viwili ni la 2.

*Mama yuko wodini, amejifungua jana, atanyonyesha.* Kitanzi kinawekwa ndani ya saa 48. Zikipita, mpaka wiki ya 4 itimie. Vijiti anaweza kuondoka navyo, daraja la 2. Depo asubiri wiki 6. Vidonge vya vichocheo viwili miezi 6.

*Wateja wanasema Depo inaleta VVU.* Utafiti uliohusisha wanawake wapatao 7,800 katika nchi 4 za Afrika, Kisumu ng'ambo ya ziwa hili ikiwemo, ulilinganisha Depo, kitanzi cha shaba na vijiti, na matokeo ya 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya maambukizi. Kote kulikuwa na maambukizi mengi, kwa hiyo kondomu itajwe kwa kila mmoja.

*Hedhi imekatika, anadhani damu inajaa tumboni.* Mweleze kwamba ukuta wa kizazi haujengeki, ndiyo maana hakuna cha kumwagika. Aambiwe pia, kabla ya sindano ya kwanza, kwamba akitaka mtoto huchukua wastani wa miezi 10 tangu sindano ya mwisho.

*Mume hataki, mke anataka. Nidai ruhusa?* Hapana, ridhaa ni ya mteja. Epuka vijiti kama mume hushika mkono huo, au mweleze mke kwamba hupapasika. Kwa kitanzi, nyuzi zikatwe fupi. Kadi ibaki kituoni, na usimpigie simu kabla hujamuuliza simu hiyo hukaa kwa nani.